Kabla ya kutia saini: kisa cha mpwa wangu na shahada ya usalama wa ndani

Jumapili moja mwishoni mwa Septemba 2025 mpwa wangu alifika kwangu, hapa Houston, na bahasha ya kaki kwapani. Pilau ilikuwa bado jikoni. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kukubaliwa chuo kwa shahada ya uzamili ya usalama wa ndani, karatasi ya ada, na fomu ya mkopo aliyobakiza kutia saini tu. Simu yake aliilaza mezani kifudifudi, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza ikatetemeka.

"Ni yule mshauri wa udahili," akasema. "Leo hii ni mara ya tatu, Mjomba. Anasema nafasi zinakaribia kujaa."

Nikamuuliza darasa la mtandaoni linajaaje. Akacheka, lakini simu hakuizima.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina lake silitaji, wala la chuo chenye mshauri huyo asiyechoka, wala la hospitali anakofanya kazi. Nakiandika kwa sababu swali lake nimeshaulizwa na vijana wengine wa kwetu walioko huku, na kila mara huja kwangu katika sura ileile: "Chuo gani kizuri kwa usalama wa ndani?" Nami kila mara najiona najibu swali jingine kabisa.

"Nataka kuingia Homeland"

Kijana ana miaka 34. Kazaliwa Tanga, kasoma sayansi ya siasa na utawala wa umma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kaja Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Kabeba boksi ghalani miaka miwili kabla ya kuingia kitengo cha ulinzi cha hospitali moja kubwa, na leo ni msimamizi wa zamu ya usiku. Uraia aliapa 2023. Ana binti mdogo aliyeanza shule mwaka huu, na huko Pongwe anamjengea mama yake nyumba, tofali kwa tofali.

Anachotaka alikisema kwa maneno matatu: kuingia Homeland. Ndivyo watu wa kwetu wanavyoiita Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, na kila mmoja ana picha yake kichwani. Kwa mmoja ni hofu ya mlango kugongwa alfajiri. Kwa mwingine ni ofisi iliyompa karatasi za ukaazi. Mke wangu alipolisikia neno hilo aliacha kupakua akatazama mlangoni, akauliza, "Utakuwa unakamata watu?" Kijana akasema hapana, akanyamaza, halafu akasema hajui.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kunivutia, maana alikuwa karibu kukopa maelfu ya dola kwa ajili ya kazi ambayo hajui ni ipi.

Si kosa lake peke yake. Wizara yenyewe iliundwa kwa kukusanya. Sheria yake ilitiwa saini Novemba 25, 2002, mwaka mmoja na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na ilipoanza kazi Machi 1, 2003 ilikuwa imebeba idara na taasisi 22 zilizotoka huku na kule. Humo wamo wakaguzi wa viwanja vya ndege, maafisa wa mipakani, wanaoshughulikia uhamiaji kwa kutoa karatasi na wanaoushughulikia kwa kufukuza, FEMA wa maafa, walinzi wa pwani, walinzi wa rais, na CISA wanaolinda mifumo ya kompyuta na miundombinu. Mtu anayesema anataka kuingia Homeland ni kama mtu wa Dar anayesema anataka kazi serikalini. Hujajua bado kama anataka kuwa mhasibu, bwana afya au askari wa wanyamapori.

Vyuo navyo vilifuata mkumbo. Wizara ilipozaliwa, shahada zenye jina lake zikaota kama uyoga baada ya mvua. Nyingine zilitoka idara za sheria na makosa ya jinai, nyingine sayansi ya siasa, nyingine afya ya jamii. Penn State, kwa mfano, wamekuwa wakitoa shahada moja ya uzamili ya usalama wa ndani ambayo ndani yake mna njia tofauti kabisa: kupambana na ugaidi, maandalizi ya afya ya jamii, ujasusi wa ramani na picha za setilaiti, hata ulinzi wa kilimo na chakula. Watu wawili wanaweza kutoka na jina moja kwenye cheti, mmoja akiwa anajua magonjwa ya ng'ombe na mwingine propaganda za mtandaoni. Kwa hiyo jina la shahada halikwambii kitu mpaka ufungue orodha ya kozi.

Yule mshauri wa udahili alikuwa amemwambia kijana kuwa programu yao "inatambuliwa". Nikamwambia amuulize: na nani? Wizara haitoi ithibati kwa shahada za uzamili za usalama wa ndani. Ithibati hutolewa kwa chuo kizima na vyombo vinavyotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani; kwa vyuo vya Texas chombo kilichozoeleka ni SACSCOC. Kwenye usalama wa kompyuta tu ndiko kuna mhuri wa maana wa ziada, ule unaosimamiwa na NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, kwa vyuo vilivyokidhi vigezo vyao. Chuo cha kijana kilikuwa na ithibati halali, hilo tulilihakikisha. Lakini ithibati inasema tu kwamba hawa si matapeli.

Matangazo saba na kalamu ya manjano

Baada ya kula tuliondoa sahani, tukafungua USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, kisha tovuti ya ajira ya kaunti na ya jimbo. Tulichapisha matangazo saba ya kazi ambazo mwenyewe alisema angezifurahia. Nikampa kalamu ya manjano, nikamwambia apake rangi kila mahali panapotajwa elimu.

Mkaguzi wa kiwanja cha ndege: cheti cha sekondari kinatosha. Afisa wa forodha na mipaka: shahada ya kwanza au uzoefu, na kwa kawaida uwe hujatimiza miaka 40. Nafasi mbili za mtaalamu wa menejimenti ya maafa upande wa serikali kuu, gredi ya GS-9 katika ngazi za mishahara za serikali hiyo: mwaka mmoja wa uzoefu wa ngazi inayoikaribia, au shahada ya uzamili. Hapo kalamu ikasimama. Shahada ya uzamili kweli inakupandisha. Aliye na shahada ya kwanza pekee kwa kawaida huanzia GS-5, au GS-7 kama alifaulu vizuri sana. Mwenye uzamili anaweza kuomba GS-9 moja kwa moja. Lakini tangazo halikusema uzamili wa usalama wa ndani. Lilitaka masomo yanayoonyesha kwamba unaiweza kazi yenyewe. Uzamili wa utawala wa umma ungeingia, na wa afya ya jamii pia ukijieleza vizuri.

Tangazo la kaunti ndilo lililompa mawazo. Lilitaka shahada ya kwanza, likasema mwenye uzamili atapewa kipaumbele, kisha likaorodhesha kozi za FEMA kwa namba: IS-100, IS-700, ICS-300, ICS-400. Mbili za mwanzo ni za bure, unazisoma mtandaoni na kufanya mtihani hapohapo. Kijana alikuwa hajawahi kuzisikia. Mshauri wa udahili, kwa simu zote alizopiga, hakuwahi kuzitaja.

Kulikuwa na tangazo la saba, la mpelelezi, na hilo nilitaka aliangalie kwa umri wake. Kanuni ya kawaida ya serikali kuu ni kwamba wapelelezi huajiriwa kabla ya kutimiza miaka 37. Agosti 2025 wizara ilitangaza kuondoa ukomo huo kwa waombaji wa ICE, wale wa kukamata na kufukuza wahamiaji, ila kilichoondolewa kwa tangazo kinaweza kurudi kwa tangazo. Mtu wa miaka 34 anayetaka upelelezi hana sababu ya kwenda darasani miaka mitatu kwanza. Anaomba kesho asubuhi. Aliitazama karatasi ile kitambo, akaiweka kando. "Hii siyo," akasema. Mke wangu, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, akaongeza chai.

Na hali ya ajira yenyewe je? Januari 20, 2025 rais alitia saini amri ya kusitisha uajiri wa raia katika serikali kuu, ikiachia nafasi za uhamiaji, usalama wa taifa na usalama wa umma. FEMA ilipunguza watu mwaka huohuo. Siku chache baada ya Jumapili yetu serikali kuu ikafungwa, na ikakaa hivyo siku 43. Rafiki yake wa kiwanja cha ndege alikuwa anakwenda kazini bila mshahara, akiomba nauli ya mafuta kwa ndugu. Sisemi kazi za serikali kuu zimekwisha. Nasema mtu aliyekuwa anakopa kwa matumaini ya ajira moja ya Washington alipaswa kuwa na njia ya pili.

Fomu ambayo hakuna chuo kinachoitaja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi tunapotofautiana na wanafunzi wenzetu waliozaliwa Ohio au Nebraska.

Nafasi nyingi za usalama zinataka upekuzi, na zile zenye kibali cha siri, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, zinapitia fomu inayoitwa SF-86. Ina kurasa zaidi ya 100. Nakala tupu iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuisoma. Kuijaza kwenyewe hufanyika kwenye mfumo wao ukishapewa ahadi ya kazi. Nilimwambia kijana aisome yote kabla ya kurudisha ile fomu ya mkopo. Alidhani namtania.

Kwanza, kibali cha siri ni cha raia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kulipa ada, kusoma, kufaulu na kuvaa joho, kisha akakuta nafasi nyingi alizosomea haziwezi hata kupokea maombi yake. Nimewaona wawili. Chuo hakikuwadanganya, hakikuulizwa, nacho hakikusema. Kijana wetu uraia anao, kwa hiyo kizingiti hicho kakiruka.

Pili, fomu inataka kila ulipoishi na kila ulipofanya kazi kwa miaka 10. Yule aliyelala kwenye makochi ya watu sita mwaka wake wa kwanza anajua maana yake. Inataka wazazi, ndugu wa tumbo moja na wa baba mmoja, wakwe, uraia wao, anwani zao. Anwani! Mtu wa Pongwe anwani yake ni "ukipita mwembe, uliza kwa fundi cherehani". Inataka kila raia wa nchi nyingine uliye naye karibu kwa mapenzi au kwa wajibu katika miaka saba iliyopita. Inauliza safari, mali ya nje, na maslahi yanayoshikwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Kiwanja cha Pongwe kina jina la mama. Matofali ni ya mtoto. Lipi linaandikwa wapi?

Halafu kuna swali moja ambalo kijana alinisomea kwa sauti, mara mbili. Linauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu yeyote ambaye si raia wa Marekani. Si mwaka huu, si miaka saba. Umewahi.

Nani kati yetu anaweza kujibu hapana? Ada ya mtoto wa shangazi, dawa za presha za babu, mchango wa harusi, mchango wa msiba, bati za mama. Alifungua simu yake akaanza kuperuzi miamala ya miaka mitano, na akafika mahali akaacha.

Tuelewane. Kutuma pesa nyumbani si kosa, na kuwa na mama Tanga hakumfungii mtu mlango. Miongozo ya upekuzi inayotumika tangu Juni 2017 ina vipengele 13, na kimoja kinahusu ushawishi wa nje: wanachopima ni kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia ndugu zako, na wanapima kwa ukamilifu wake, si kwa kuhesabu majina. Kingine kinahusu madeni. Deni unalolilipa kwa wakati halina shida. Lililoachwa mpaka likafika kwa wakusanyaji wa madeni ndilo linaloulizwa. Kinachomwangusha mtu vibaya ni kuficha. Kusema uongo kwenye fomu hiyo ni jinai, na adhabu yake inafika miaka mitano jela. Kwa hiyo anayetuma pesa ajizoeze kutunza kumbukumbu leo, hata kama hajaamua atasoma nini.

Nafasi za kaunti na jimbo, nyingi hazihitaji kibali cha siri. Zina uchunguzi wao wa rekodi za jinai na mikopo, basi. Hilo nalo tuliliandika pembeni.

Usiku wa soketi

Kufikia jioni tulikuwa tumechoka, na mimi nilikuwa nimemwondoa njiani kuliko kumwonyesha njia. Nikamuuliza kitu ambacho ningeanza nacho: katika kazi yako yote ya hospitali, zamu gani hukutaka iishe?

Hakufikiri. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipotua pwani ya Texas asubuhi ya tarehe 8 na umeme ukakatika kwa wateja zaidi ya milioni mbili. Jenereta za hospitali ziliwaka kama zilivyopangwa. Ambacho hakuna aliyekipanga ni watu. Kuanzia siku ya pili walianza kuja wazee na mashine zao za oksijeni kwenye vikapu vya ununuzi, si kwa sababu wamezidiwa bali kwa sababu nyumbani hakuna umeme. Walikuwa wanatafuta soketi. Ukumbi wa wagonjwa wa dharura ukajaa nyaya. Muuguzi mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba njia ya machela imeziba, na alikuwa na haki.

Mpwa wangu alifungua chumba cha mikutano cha ghorofa ya chini, akahakikisha kwa fundi kwamba saketi yake iko upande wa jenereta, akapanga viti ukutani, akaandika namba kwa chaki kwenye sakafu, na kuwahamisha mmoja mmoja. Kila baada ya saa mbili alipita na karatasi: jina, aina ya mashine, nani wa kumpigia. Alikaa kazini karibu siku tatu. Aliponisimulia, mikono yake ilikuwa inapanga viti mezani kwangu kwa kutumia vikombe.

"Hiyo," nikamwambia, "ina jina. Inaitwa menejimenti ya maafa."

Alijua neno. Hakujua kwamba watu wanalisomea. Hakujua kwamba University of North Texas, kule Denton, walianzisha shahada ya kwanza ya fani hiyo tangu 1983, miaka 20 kabla Homeland haijafungua mlango. Wala hakuwa amefikiri kwamba kaunti yetu ina ofisi nzima ya kazi hiyo, na kwamba mafuriko ya Julai 4, 2025 katikati ya Texas, yaliyoua watu zaidi ya 130, yangezifanya kaunti nyingine zijiulize nani analala macho usiku kwa ajili yao.

Hesabu ya kozi na dola

Sasa tukarudi kwenye bahasha, lakini kwa macho mengine.

Chuo cha mshauri: krediti 36, dola 980 kila moja, jumla dola 35,280 bila vitabu. Kozi 12, na saba kati ya hizo zina neno ugaidi au vitisho kwenye kichwa. Hakuna ramani, hakuna bajeti, hakuna mafunzo ya vitendo, na majina ya walimu hayakuwekwa. Kitu kingine kikanishtua: hawakutaka tathmini ya vyeti vyake vya Dar es Salaam. Shahada ya kwetu ya miaka mitatu huibua maswali huku, na chuo makini huagiza tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi inayokubalika. Serikali kuu nayo itaitaka siku ukiomba kazi. Asiyekuuliza chochote kuhusu ulikotoka huenda hajali sana unakokwenda.

Mshauri alikuwa na hoja moja iliyomtia kijana haraka: kwamba kuanzia Julai 1, 2026 mikopo ya uzamili inafungwa, kwa hiyo asaini sasa. Ukweli ni nusu. Sheria ya Julai 2025 inauondoa mkopo wa Grad PLUS, ule wa ziada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya, lakini mkopo wa kawaida wa uzamili wa hadi dola 20,500 kwa mwaka unabaki. Gawanya 35,280 kwa miaka miwili: 17,640. Hata baada ya tarehe hiyo angekopa bila kugusa dari. Haraka ilikuwa ya mshauri. Alisema pia deni "litasamehewa". Msamaha upo, kwa wanaofanya kazi serikalini au mashirika yasiyo ya faida, baada ya malipo 120 ya kila mwezi. Miaka kumi, bwana. Binti yake atakuwa sekondari.

Kuna programu ya bure, na nzuri: ile ya Naval Postgraduate School, Monterey, California, inayoendeshwa tangu 2003 kwa maafisa wa zimamoto, polisi, afya na maafa. Miezi 18, wiki mbili za darasani kila robo mwaka, zilizobaki mtandaoni, na tasnifu mwishoni. Ila imewekwa hasa kwa watumishi wa umma walio tayari kwenye majukumu hayo. Hospitali ya kijana ni ya binafsi. Mlango wa bure uko uani, na yeye bado yuko barabarani.

Hapo mimi nikakosea. Nilimwambia asisome kabisa: achukue kozi za FEMA, aombe kazi ya kaunti, akishaingia aende Monterey bure. Mpango safi, kwenye karatasi. Akaniuliza, kwa adabu, "Mjomba, wewe ungeniita kwenye usaili? Mlinzi wa usiku, digrii ya Dar, lafudhi hii, vyeti viwili vya intaneti?" Akarudisha lile tangazo la kaunti, akaweka kidole kwenye mstari wa kipaumbele. Sikuwa na jibu. Aliyezaliwa hapa ana mjomba ofisini. Huyu mjomba wake ni mimi.

Chuo cha tatu alikitafuta mwenyewe wiki iliyofuata. Ni cha umma, jioni na mtandaoni, shahada ya menejimenti ya maafa na usalama wa ndani. Krediti 30, dola 450 kila moja: 13,500. Ndani mna ramani za kompyuta, bajeti na ruzuku, sheria za maafa kuanzia ile ya Stafford ya 1988, uendeshaji wa mazoezi ya dharura, na mradi wa mwisho unaofanyika ndani ya ofisi halisi. Alimwandikia mratibu akiuliza wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi. Alijibiwa ndani ya siku mbili, kwa orodha ya vyeo. Chuo cha kwanza alikiuliza swali hilohilo. Wakampigia kumkumbusha tarehe ya mwisho.

Na hospitali, kumbe, inalipia masomo. Alikuwa kafanya kazi hapo miaka yote bila kulisoma ukurasa huo wa kitabu cha wafanyakazi. Wanatoa hadi dola 5,250 kwa mwaka, kiasi ambacho sheria ya kodi inakiachia bila kukatwa. Akapanga: kozi tatu 2026, dola 4,050, tatu 2027, hivyohivyo, nne 2028, dola 5,400, ambapo yeye ataongeza 150 mfukoni. Masharti ni alama B kwenda juu, na kubaki miaka miwili baada ya malipo ya mwisho, la sivyo arudishe. Sharti hilo la pili linamuuma, kwa sababu kaunti ikimwita 2028 itambidi achague. Nimemwambia hilo ni tatizo la mtu mwenye kazi mbili.

Insha yake ya kuomba nafasi haikuwa na neno ugaidi hata mara moja. Ilianza na chaki sakafuni.

Darasa lilianza Januari. IS-100 na IS-700 alizimaliza zamani, saa nane za usiku, kati ya raundi moja na nyingine. Fomu ya mkopo aliichana kwangu, na yule mshauri aliendelea kupiga mpaka Desemba.

SF-86 anaendelea kuijaza kwa mazoezi, kidogo kidogo, kwenye nakala aliyochapisha. Mwezi uliopita alifika kwenye tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Akaniuliza mimi, mimi ni mdogo wake, nitajuaje? Tukampigia Tanga, spika wazi. Dada akafikiri, kuku wakisikika nyuma yake. "Mwaka wa Muungano," akasema. "Mahindi yalikuwa yanavunwa. Kwani huko mnanitafutia nini?" Kijana akaandika Julai 1964, halafu akaweka alama kwenye kile kisanduku kidogo cha makadirio.